Daikiri ya embe inageuka maji kila mara: kosa liko wapi?

*"Nimejaribu mara tatu kutengeneza daikiri ya embe nyumbani na mara zote imeniharibikia. Mara ya kwanza nilitia kwenye blenda embe lililoiva, ramu, ndimu, sukari na vipande kumi vya barafu. Baada ya dakika kumi juu kulikuwa na povu, chini maji ya njano. Mara ya pili niliongeza ramu maradufu isije ikawa kama juisi, ikagoma kabisa kushikana. Mara ya tatu nilisaga ndimu pamoja na ganda lake, nikaweka mchanganyiko wote kwenye friza usiku kucha. Asubuhi pembeni jiwe, katikati uji, na ina uchungu. Blenda yangu ni ya wati 350 na siku hizi inatoa harufu ya kuungua. Jumamosi tutakuwa watu wanane, wawili hawanywi pombe. Nifanyeje? Na je, Konyagi inafaa badala ya ramu?"*

Pole kwa embe zilizopotea. Ukiyatazama majaribio yako matatu kwa pamoja, utaona hukukosea mara tatu. Kosa ni moja, limekujia kwa sura tatu: kila mara kipimo cha maji, sukari na kilevi kilikwenda upande mmoja, na barafu ikaachiwa kazi isiyoiweza. Kinywaji hiki kinatulia pale ubaridi unapotoka kwenye tunda lenyewe, na barafu ya maji ikaja kama nyongeza tu.

Tuanze na jaribio la kwanza, maana ndilo linalowapata wengi. Watu hudhani kinywaji kikiwa chepesi dawa yake ni kuongeza barafu. Sivyo. Barafu hupoza kwa kuyeyuka, na kila inapoyeyuka inaacha maji. Hesabu yake iko hivi. Gramu moja ya barafu ikiyeyuka hunyonya joto la kutosha kupoza gramu 80 za maji kwa nyuzi moja. Sasa chukua nusu kilo ya embe, ramu, ndimu na shira vilivyokaa mezani kwenye joto la nyuzi 30. Ili vifike sifuri tu, kabla hata ya kuanza kuganda, vinakula karibu gramu 160 za barafu. Kipande kimoja cha trei ya kawaida kina gramu 20 hadi 25, kwa hiyo vipande saba kati ya kumi ulivyotia viligeuka maji papo hapo. Vilivyobaki vilikuwa vidogo mno kushika kinywaji, navyo vikapanda juu pamoja na hewa iliyoingizwa na visu. Hilo ndilo povu uliloliona, na yale maji ya njano chini ni barafu yako iliyoyeyuka ikiwa imebeba sukari ya embe.

Vitu hivyohivyo, embe likiwa limegandishwa na vimiminika vimetoka kwenye jokofu, karibu havina joto la kutoa. Barafu haiyeyuki ovyo, na maji hayazidi. Tena embe lina pektini, ile gundi ya asili inayofanya jamu ishikane, pamoja na nyuzi laini. Vyote viwili huzuia chembe za barafu zisikimbilie juu. Barafu ya maji haina kitu cha namna hiyo.

Jaribio la pili linahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu hapo ndipo penye siri ya vinywaji vyote vya kugandisha. Maji safi huganda kwenye sifuri. Ukiyeyusha kitu ndani yake, molekuli za kitu hicho huyazuia maji yasijipange kuwa barafu, na kiwango cha kugandia kinashuka. Kinachohesabika ni idadi ya molekuli, na molekuli ya kilevi ni ndogo sana ikilinganishwa na ya sukari. Ndiyo maana gramu kwa gramu, kilevi hushusha kiwango cha kugandia mara saba hivi kuliko sukari ya mezani. Ramu ya asilimia 40 haigandi hata kwenye friza nzuri ya nyumbani, ambayo hufika nyuzi 18 chini ya sifuri. Kwa hiyo usiogope kulaza chupa humo, haitapasuka kama chupa ya maji au ya bia.

Katika kipimo nitakachokupa hapa chini, kinywaji huanza kuganda kwenye nyuzi 4 hivi chini ya sifuri. Ukizidisha ramu maradufu, kinashuka hadi karibu nyuzi 6. Tofauti ya nyuzi mbili inaonekana ndogo, lakini blenda na barafu ya nyumbani haziwezi kuifidia. Barafu inaendelea kuyeyuka ndani ya kilevi hadi inakwisha, na unabaki na juisi kali ya baridi. Wala ladha haikuongezeka, kilichoongezeka ni ukali. Kama unataka ramu isikike zaidi, badilisha aina ya ramu, kipimo kiache kilivyo.

Sukari nayo haiko hapo kwa utamu peke yake. Ndiyo inayofanya chembe za barafu ziwe ndogo na laini. Ukiipunguza sana "kwa ajili ya afya", unapata barafu inayokwaruza ulimi kama mchanga. Kisha ubaridi hupumbaza ulimi usisikie utamu. Mchanganyiko ukiuonja kabla haujaganda ukaona utamu umezidi kidogo, hapo ndipo palipo sawa. Ukiwa sawa kwenye joto la chumba, ukiganda utakuwa chapwa.

Basi kipimo cha glasi mbili kubwa ni hiki: ramu nyeupe ya asilimia 40, mililita 120, maji ya ndimu yaliyokamuliwa siku hiyohiyo na kuchujwa, mililita 45, shira nyepesi, mililita 45, nyama ya embe iliyogandishwa, gramu 300, barafu, gramu 120, yaani vipande vitano au sita, na chumvi kidogo sana, ile inayoshikwa kwa ncha za vidole viwili. Chumvi haitasikika, ila embe litasikika zaidi.

Shira ninayosema si ile nzito ya kaimati. Pima sukari gramu 100 na maji gramu 100, pasha hadi sukari iyeyuke, zima moto kabla haijachemka sana, acha ipoe, weka kwenye jokofu. Iliki usitie hapa, inalifunika embe. Sukari kavu ukiitia moja kwa moja kwenye kitu cha baridi haiyeyuki vizuri. Inazama chini ya jagi, na mtu wa mwisho kumiminiwa ndiye anayeipata yote.

Chagua embe lisilo na nyuzi nyingi. Dodo lililoiva vizuri ni zuri sana, na Kenya ngowe au embe la apple yanafaa. Embe sindano na mengine madogo ya nyuzi yana harufu nzuri kuliko yote, lakini ni lazima uyasage na kuyapitisha kwenye chujio kwanza, la sivyo nyuzi zitajisokota kwenye visu. Dodo la gramu 500 hivi hutoa kama gramu 300 za nyama. Likate vipande vya sentimita mbili, vitandaze kwenye sinia bila kugusana, gandisha saa sita hadi nane, ndipo uvimimine kwenye chombo chenye mfuniko. Ukivijaza kwenye chombo vikiwa vibichi, unatoa tofali moja la embe ambalo blenda yoyote ya nyumbani italishindwa. Msimu ukichanganya, kati ya Novemba na Februari, gandisha za kutosha. Zinakaa hadi miezi mitatu bila kupoteza ladha.

Neno moja kuhusu barafu yenyewe, na hili lichukue kwa uzito. Wapo wanaoamini kwamba ramu inaua vijidudu, kwa hiyo barafu ya maji yoyote inafaa. Haiui. Kinywaji hiki kikishakamilika kina kilevi cha asilimia 8 hivi, na kiasi hicho hakitoshi kusafisha chochote. Kuganda nako hakuui vijidudu vya kuhara, kunavilaza tu. Barafu itokane na maji yaliyochemshwa au ya chupa, embe lioshwe kabla ya kumenywa, na barafu ya kununua mtaani, ile ya kupozea samaki au chupa za soda, isiingie kwenye glasi.

Sasa blenda. Mpangilio wa kutia vitu una maana. Vimiminika kwanza, halafu nusu ya embe, saga hadi iwe laini kabisa, halafu embe lililobaki, na barafu mwisho, ikiwa imepondwa tayari. Ifunge kwenye kitambaa safi kizito, igonge kwa mchi hadi iwe na ukubwa wa punje za mahindi. Washa na kuzima kwa sekunde tano tano, na jumla isizidi dakika moja. Ukiendelea zaidi, msuguano wa visu na joto la mota vinaanza kuyeyusha ulichokigandisha.

Sikiliza sauti. Mwanzo inagonga, barafu inapigana na ukuta wa jagi. Kisha mlio unashuka na kuwa mzito, wa kulingana, na katikati ya uso panajitokeza kishimo kidogo kama kitovu, mchanganyiko ukijivuta ndani yake polepole. Hapo zima. Mlio ukipanda ghafla na kuwa mwembamba wakati juu hakuna kinachosogea, visu vinazunguka kwenye hewa: pana uwazi umejifanya chini. Zima, chomoa waya ukutani, koroga kwa mwiko, ongeza kijiko kimoja cha chakula cha maji ya baridi, endelea. Usiongeze ramu ili izunguke. Ndivyo watu wanavyofika kwenye jaribio lako la pili bila kukusudia.

Kipimo cha kuiva ni kijiko. Kipitishe juu ya mchanganyiko: mfuo ukibaki wazi kwa sekunde tatu nne kabla ya kujifunga, iko tayari. Ukijifunga papo hapo, ongeza vipande vichache vya embe la kugandishwa. Usipojifunga kabisa, acha dakika mbili mezani. Glasi ziwe zimekaa kwenye friza robo saa, kwani glasi ya kabatini ina joto la kutosha kuyeyusha safu nzima ya pembeni kabla mgeni hajainua mkono.

Hata hivyo, blenda yako wewe kwa sasa isiponde barafu. Harufu ya kuungua kwenye mashine ya wati 350 mara nyingi ina maana mota imeelemewa na waya zake za ndani zinapata joto, au ile gia ya mpira chini ya jagi inateleza na kuungua. Fundi wa vifaa vya umeme ataifungua na kukuambia ni ipi kati ya hizo. Gia ni kitu kidogo cha kubadilisha, mota iliyoungua ni hesabu nyingine. Ukiona moshi, ukisikia mtetemo wa umeme mkononi, au ukikuta maji yanavuja chini ya jagi kuelekea kwenye mota, usiiwashe tena kabla fundi hajaiona. Umeme na mikono yenye maji havipatani.

Kwa hiyo kwa Jumamosi nakushauri njia nyingine, ambayo ni ileile uliyoijaribu mara ya tatu, ila ikifanywa sawasawa. Haihitaji kuponda barafu hata kidogo.

Kilichotokea usiku ule ni hiki. Mchanganyiko huganda kuanzia kwenye kuta za chombo. Maji yanapogeuka barafu hayachukui sukari wala kilevi, yanavisukuma mbele, kuelekea katikati. Kadiri pembeni panavyokuwa jiwe, ndivyo katikati panavyozidi kuwa patamu na pakali, na ndivyo panavyozidi kukataa kuganda. Hili si suala la sura tu. Anayechota uji wa katikati anakunywa kilevi kingi zaidi kuliko anayegonga pembeni, na wote wanadhani wana kinywaji kimoja. Ni lazima kikorogwe kabla ya kumgawia mtu yeyote. Uchungu nao ulitoka kwenye ganda la ndimu. Nyama nyeupe ya chini ya ganda na mbegu zina vitu vichungu ambavyo visu huvitoa vyote, na kadiri vinavyokaa ndivyo vinavyoenea. Ukipenda harufu ya ganda, kwaruza ile rangi ya kijani ya juu peke yake, kijiko kidogo kimoja kwa mchanganyiko mzima, usiguse nyeupe.

Wanywaji wenu ni sita, kwa hiyo zidisha kipimo mara tatu: ramu mililita 360, maji ya ndimu 135, shira 135, embe gramu 900, na badala ya barafu tia maji ya kuchemsha yaliyopoa, mililita 360. Hapa embe liwe la kawaida, halijagandishwa. Kulisaga ni kazi nyepesi, lakini blenda inayotoa harufu hata hiyo ngoja fundi aikague kwanza. Asipopatikana kabla ya Ijumaa, azima blenda ya jirani, au lisukume embe lililoiva sana kwenye chujio kwa mgongo wa mwiko. Ni kazi ya nusu saa na matokeo ni laini mno. Changanya vyote, onja, kisha mimina kwenye mabakuli mawili mapana kwa kina kisichozidi sentimita tatu. Kina kidogo ndicho kitakachokuokoa na jiwe la pembeni.

Weka kwenye friza Ijumaa jioni. Baada ya saa mbili, pitisha uma, vunja kilichoshika pembeni na kivute katikati. Rudia kila baada ya saa moja, mara tatu, kisha lala. Jumamosi, robo saa kabla ya kugawa, toa bakuli, kwaruza kwa uma kuanzia ukingoni, koroga kwa nguvu hadi iwe ya aina moja, gawa. Kama unataka iwe laini kama ya baa, ipitishe kwenye blenda nzima kwa sekunde kumi. Ikilinganishwa na ile ya kusaga na kunywa papo hapo, hii ina chembe kubwa kidogo na hewa kidogo, inafanana zaidi na barafu ya kukwaruza. Faida yake ni kwamba unakaa na wageni wako, husimami jikoni ukipiga kelele za mashine glasi mbili mbili.

Tazama pia nyota kwenye mlango wa friza yako. Nyota tatu ni nyuzi 18 chini ya sifuri, mbili ni 12, moja ni 6. Kile kichumba kidogo ndani ya jokofu la mlango mmoja mara nyingi ni nyota moja au mbili. Cha nyota moja kitachukua usiku mzima na mchana wake, lakini kitakupa uji wa kunywa moja kwa moja bila kukwaruza. Umeme ukikatika usiku, usifungue mlango. Ukirudi, koroga tu na uendelee. Kilevi na sukari vikiwa katika kipimo, kinywaji hiki kinavumilia kuyeyuka na kuganda tena, ilimradi kikorogwe.

Kuhusu Konyagi: si ramu. Ni pombe kali ya asilimia 35, ladha yake inaelekea zaidi kwenye jini. Kwa kuganda haina tatizo, mililita 135 zinatosha mahali pa 120 za ramu. Ladha ndiyo itakayobadilika. Utapata kinywaji cha embe chenye ukavu wa jini, ambacho wengine wanakipenda, lakini ule utamu wa miwa uliochomeka kidogo, unaolishika embe vizuri, hautakuwepo. Daikiri ilizaliwa Cuba, ikachukua jina la Daiquirí, mahali penye migodi karibu na Santiago, na asili yake ni vitu vitatu tu: ramu, ndimu na sukari. Huko Havana, kwenye baa ya Floridita, Constantino Ribalaigua ndiye aliyeipa umaarufu ile ya barafu iliyosagwa. Tunda limekuja juu ya msingi huo. Ukiondoa ramu umeondoa theluthi ya msingi, kwa hiyo ukiweza kununua chupa ndogo ya ramu nyeupe, nunua. Ramu nyeusi nayo inafaa, hasa kwa nanasi, ila inalitia embe rangi ya udongo.

Pombe isiyo na lebo, gongo au chang'aa, usiitie kwenye kinywaji cha wageni kwa bei yoyote. Inaweza kuwa na methanoli, aina ya kilevi chenye sumu, na hakuna njia ya nyumbani ya kuitambua kwa harufu wala kwa kuiwasha moto. Mtu akinywa pombe ya aina hiyo, halafu saa kadhaa baadaye au hata kesho yake akaona ukungu machoni, akaumwa kichwa sana, akatapika au akahema kwa kasi, mpelekeni hospitali mara moja na mseme wazi alichokunywa. Dawa ipo, lakini inataka kuwahiwa.

Kwa wawili wasiokunywa, watengenezee chao kwanza, jagi likiwa safi, na chombo chao kiwe cha rangi nyingine ili kisichanganywe mezani. Kama hawanywi kwa ajili ya dini, waulize mapema kama wangependa jagi lisilowahi kutiwa pombe kabisa. Ni swali la heshima, na wengi watafurahi kuulizwa. Kipimo cha wawili: embe gramu 300, maji ya dafu mililita 150, ndimu 45, shira 75. Shira imeongezeka kwa sababu kilevi hakipo kuzuia kuganda. Bila hiyo friza itakupa jiwe kweli. Hata hivyo itakuwa ngumu kuliko yenye ramu, kwa hiyo itoe nusu saa kabla.

Ukitaka kubadilisha tunda siku nyingine, nanasi ni jepesi: punguza ndimu hadi mililita 30, kwa sababu lina ukali wake. Tui zito la kwanza, mililita 90, likiingia kwenye nanasi na ramu, unaelekea kwenye pinya kolada, ambayo tangu 1978 ni kinywaji rasmi cha Puerto Rico. Tui liwe la siku hiyo na liingie mwisho, kwani mafuta yake yakipigwa sana kwenye baridi hujitenga kuwa punje kama za siagi. Pasheni ni kali na haina mwili, iongezee ndizi mbivu moja iliyogandishwa. Tikiti ni maji matupu: gandisha nyama yake na usitie barafu hata kipande.

Glasi moja ya kipimo hiki ina mililita 60 za ramu, na kilevi chake ni karibu sawa na chupa moja ya bia ya nusu lita yenye asilimia 5. Tatizo ni kwamba haisikiki hivyo. Ubaridi na utamu vinaficha ukali, mtu anakunywa glasi tatu kwa kiu ya jua akidhani ni juisi. Waambie wageni wako kilicho ndani, weka maji na chakula mezani, na anayeendesha gari anywe kile cha dafu. Mjamzito asinywe. Anayetumia metronidazo, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Flagyl, dawa za usingizi au za kifafa, aongee kwanza na mfamasia au daktari wake. Mwenye kisukari anayechoma insulini naye pia, kwa sababu shira inapandisha sukari sasa na kilevi kinaweza kuishusha usiku akiwa amelala. Mtu akizidiwa, akawa haamki mnapomwita au anahema polepole, mlazeni ubavu na mpelekeni hospitali. Kahawa na maji ya baridi usoni havimsaidii.

Kabla ya Ijumaa, ukipata nafasi Alhamisi, jaribu bakuli dogo la nusu ya kipimo cha watu wawili: ramu 60, ndimu 22, shira 22, embe 150, maji 60. Friza zinatofautiana, na hii ndiyo njia ya kuijua yako. Ikiwa ngumu hata baada ya robo saa mezani, kwenye mchanganyiko mkubwa ongeza shira mililita 30, usiguse ramu. Ikiwa bado inatiririka asubuhi, punguza ramu hadi 300 na uongeze embe gramu 100.